Bodi za Krell KSA-50 za kujiundia: wati 50 zilizonila laki nane

Nianze na hela maana najua ndo mtaniuliza kwanza. Bodi mbili za saketi ya amplifaya, ya kushoto na ya kulia, zimenifikia Dar kwa elfu 95 na usafiri humohumo, wiki tano njiani. Amplifaya ilipokamilika nikapiga hesabu, laki nane na ushee. Kwa hiyo yule anayekwambia kajenga Krell kwa laki moja muulize transfoma kaokota wapi.

Kwa asiyeijua, Krell ni kampuni ya Marekani, Connecticut, aliianzisha Dan D'Agostino na mkewe mwaka 1980, na KSA-50 ni katika amplifaya zao za mwanzo kabisa. Wati 50 kila upande kwa spika ya omu 8, ukiweka ya omu 4 zinakuwa 100. Najua mmeshaanza kucheka, sabufa ya muuza chipsi hapo kona imeandikwa 5000 kwenye boksi, sasa hizi 50 za nini. Ila ile ya muuza chipsi waya wake wa umeme mwembamba kama wa chaja ya simu, hizo wati elfu tano zinapita wapi? Krell ni klasi A, yaani transista zake zinapitisha umeme muda wote hata kama hujaweka wimbo, ndo maana inatoa joto kama jiko na ya kiwandani wameiwekea feni ndani. Na ukiitaka ya kiwandani hata iliyotumika jiandae kwa mamilioni.

Turudi kwenye bodi. Fiba nene, njia za shaba pana, risasi ya kulehemu inashika vizuri hata kwa mtu ambaye mkono unatetemeka kidogo kama mimi. Kila upande una jozi mbili za transista kubwa za chuma, zile za umbo la kofia, MJ15003 na MJ15004, kwa hiyo jumla nane. Muuzaji anatuma bodi na vitu vidogo tu, kubwa unajitafutia. Malalamiko yangu ni mawili. Moja, ile transista ndogo inayotakiwa kusikia joto la hitisinki (chuma cha kupoozea transista) ili ipunguze bayasi (ule umeme unaopita hata bila wimbo) wameiweka katikati ya bodi, mbali na joto lenyewe, sasa itasikia nini? Nikaing'oa nikaivutia waya tatu nikaifunga kwenye aluminiamu kwa skrubu, hapo ndo ikatulia. Pili, ile risista ya kurekebisha bayasi ni ya mzunguko mmoja, ukiigusa na bisibisi kidogo tu umeshatoka milivolti 100 umefika 400, toa weka ya mizunguko 25, ni bei ya soda.

Sasa balaa lenyewe. Transista nilinunua duka moja hapa mjini, jina naliacha, elfu nne kila moja, na bei hiyo ilitakiwa initishe lakini tamaa bwana. Nikawasha kwanza kwa balbu ya wati 100 iliyoungwa kwenye njia ya umeme, ile ya zamani ya kuwaka waya (kuipata tu niliizunguka Kariakoo nusu siku, kote ni za LED). Balbu ikawaka kwa nguvu sekunde moja ikafifia, maana yake hakuna shoti, nikafurahi, nikatoa balbu nikachomeka moja kwa moja nikaanza kupandisha bayasi taratibu huku spika ya majaribio imeunganishwa, ujinga wangu huo siwezi kumlaumu mtu. Kufika kama nusu ampea nikasikia PAA, na koni ya spika ikaruka mbele ikagandia hukohuko, volti 35 nzima zimeingia kwenye koili, kabla sijafika kwenye swichi moshi umeshatoka. Mama watoto kutoka chumbani anauliza, "Baba Imu, umeunguza nini tena?" Hilo "tena" ndo liliniuma.

Kesho yake nikaikata transista moja kwa msumeno wa chuma nione ndani. Chipu yenyewe ndogo kama punje ya mchele uliokatika, imebandikwa katikati ya kile kichuma kikubwa. Kumbe zilikuwa feki. Halisi nilikuja kuikata baadaye kwa fundi mmoja, ilikuwa imekufa kiume, chipu yake ni pana karibu kama ukucha wa kidole kidogo. Ile kitu inatakiwa ihimili ampea 20 na wati 250, sasa punje ya mchele itahimili? Nikaagiza nyingine kwa muuzaji wa uhakika, elfu 18 moja. Na nikaongeza kijibodi cha kulinda spika chenye rilei (swichi inayojikata yenyewe), volti ikipotea njia kinakata. Nyie msisubiri spika iungue ndo mkiweke.

Transfoma nilimpelekea fundi wa kusuka mota. Nikamwambia nataka volti 26 kwa 26, nguvu ya VA 500, akaniangalia, "Bosi, unatengeneza mashine ya kuwelidi?" Nikamwambia ni redio. Akawaita wenzake waje wamsikie huyu mtu. Ila kazi kafanya, laki na themanini, baada ya kunyoosha umeme napata volti 35 na nusu kila upande. Hitisinki nilipata kwenye vyuma chakavu mtaa wa Gerezani kwa kilo, kilo 14 nikalipa 126,000, na kuzitoboa matundu ya transista nilivunja kekee nne. Sehemu hii kila mtu anaidharau, kumbe ndo imekula hela na mgongo.

Bayasi nimeiweka milivolti 280 juu ya risista ya omu 0.47, yaani kama ampea 0.6 kila transista. Kwa hiyo kusema ukweli yangu ni klasi A mpaka wati 23 hivi, juu ya hapo inabadilika inakuwa kama amplifaya nyingine, ningeweka ya kutosha wati zote 50 ningehitaji hitisinki za kilo nyingine kumi. Joto la Dar halitaki ujuba. Baada ya saa moja inasoma nyuzi 58, unaweza kuweka kiganja ukahesabu mpaka tatu. Na LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, inasikia, masaa matano ni kama uniti nzima imekwenda hata ukisikiliza kwa sauti ya kunong'ona, kama upo kwenye ile tarifu ya bei nafuu ya uniti 75 kwa mwezi jichunge.

Sauti? Niliweka zilipendwa za bendi ya Sikinde, rekodi niliyoisikia tangu nasoma shule ya msingi, na nikagundua kuna gitaa la pili nyuma ya tarumbeta ambalo miaka yote nilidhani ni mwangwi. Besi inapiga inaacha, haivuti mkia. Jirani yangu mzee mmoja alikuja kudai ngazi yake akakaa mpaka magharibi, ngazi akaisahau.

Bodi nazipa nane kwa kumi, mbili nimezitoa kwa ile transista ya joto na bayasi. Kuna mvumo mdogo bado upande wa kushoto, unausikia ukiweka sikio kwenye spika usiku, nimeshakusanya waya zote za ardhi sehemu moja na umepungua ila haujaisha. Nashuku transfoma iko karibu mno na bodi, Jumamosi naifungua niigeuze.