Kadi za vitenzi vya Kiingereza: nzuri, ila rundo la buluu likaguliwe kwanza

Nilinunua pakiti ya kadi 120 za vitenzi vya Kiingereza katika duka moja la vitabu jijini Kisumu, kwa shilingi 450, kwa ajili ya binti yangu aliye Gredi ya Tano, ambaye kwa muda mrefu amekuwa akiandika "goed" na "buyed" katika insha zake. Kosa hilo naliona kuwa la haki kabisa, kwani mtoto aliyezoea kiambishi -li- cha wakati uliopita, ambacho hutosha kwa kusoma na kwa kwenda vilevile, hutarajia kuwa -ed ya Kiingereza nayo haibagui.

Kadi za kijani ni za vitenzi vinavyofuata kanuni, na za buluu ni za vile visivyoifuata. Lililonipendeza zaidi ni kwamba za buluu hazikupangwa kwa alfabeti, kama zile orodha tulizokaririshwa shuleni, bali kwa ukoo: "sing" na "sang" zimekaa na "drink" na "drank", "buy" na "bought" zimekaa na "think" na "thought", nazo "cut" na "put", zisizobadilika hata kidogo, zina fungu lao. "Went" iko peke yake, na inastahili, kwa kuwa ilitokana na kitenzi kingine, "wend", kisha ikachukuliwa na "go". Jioni ya tatu binti yangu aliniuliza, "Mama, basi 'bring' ni 'brought'?" Kadi ya "bring" haimo katika pakiti.

Kasoro iliyoniudhi ni kuzikuta "stopped" na "carried" katika rundo la buluu. Konsonanti imerudufishwa katika neno la kwanza, na "y" imegeuka "i" katika la pili, lakini -ed ipo palepale; kilichobadilika ni tahajia tu, na mtoto akifundishwa vinginevyo atapoteza kanuni yenyewe aliyonunuliwa kadi ili aishike. Matamshi nayo yamesahaulika: hakuna kadi inayoonyesha kwamba "walked" huishia kwa sauti ya t, "played" kwa d, na kwamba ni baada ya t au d tu, kama katika "wanted", ndipo silabi huongezeka. Kadi ya "read" pia iko kimya, ingawa katika wakati uliopita neno hilo huandikwa vilevile ila hutamkwa "red".

Nilizipaka kadi nne za namna ya "stopped" na "carried" kalamu ya kijani na kuzihamisha. Atakayenunua afanye hivyo kabla ya kumkabidhi mtoto.