Sanduku la majaribio ya utambuzi, Kisumu: vifaa vinafaa, kijitabu kina haraka

Sanduku hili la mbao, kazi ya mafundi wa jua kali, linauzwa katika duka moja la vifaa vya shule Kisumu mjini kwa shilingi 2,400. Limekusudiwa walimu na vikundi vya wanafunzi wa falsafa vyuoni. Ndani mna kadi za manila, mabeseni matatu madogo ya plastiki, glavu, brashi mbili za rangi, kijiti na kijitabu cha kurasa 40. Kazi yake ni kuleta mezani ubishi wa siku nyingi: tunapoona kitu, je, tunakiona chenyewe au tunaona sura yake iliyo akilini mwetu tu? Kama vifaa, pesa haijapotea. Shida ni kijitabu, kinachokimbilia jibu kabla swali halijaiva.

Kadi ya kuonyesha sehemu pofu ya jicho ndiyo yenye kasoro mbaya kuliko zote. Pale neva inapotokea nyuma ya jicho hapana chembe za kupokea mwanga, na eneo lisiloonekana kwa sababu hiyo liko takriban nyuzi 15 upande wa sikio kutoka pale ulipokaza macho. Kadi imechapwa msalaba na doa vikiwa sentimita 5 mbali, kisha maelezo yanasema ishikwe sentimita 30 kutoka usoni. Kwa umbali huo pembe haifiki hata nyuzi 10, kwa hiyo doa halipotei ng'o, na darasa zima linadhani limekosea. Isogeze hadi sentimita 18 au 19 nalo litatoweka. Mwenye miwani ya kusomea hataona vizuri kwa ukaribu huo. Afadhali achore kadi yake: msalaba kushoto, doa la sentimita 1 kulia, sentimita 8 katikati. Afumbe jicho la kushoto, akaze la kulia kwenye msalaba, kadi iwe sentimita 30.

Ukichora mistari ipite nyuma ya doa, doa likitoweka mistari itaonekana imeendelea bila pengo. Kijitabu kinasema ubongo "umeichora" mistari iliyokosekana, basi. Mwanafalsafa Daniel Dennett alilipinga wazo hilo mwaka 1991: ubongo hauna haja ya kuchora chochote, yatosha kwamba hakuna sehemu yake inayotoa taarifa ya pengo. Wapo waliomjibu kwa vipimo vya ubongo, na mjadala huo ungefaa kupewa walau ukurasa mmoja.

Mabeseni ni ya jaribio alilolitaja mwanafalsafa John Locke karne ya 17: mkono mmoja kwenye maji baridi, mwingine kwenye ya moto, kisha yote miwili kwenye vuguvugu. Maji yaleyale yatahisiwa ya moto na mkono mmoja, baridi na mwingine. Hapa Kisumu jaribio hukwama kwa sababu maji ya bomba yenyewe yana uvuguvugu. Nunua barafu kwa wauza samaki, utie vipande vichache kwenye beseni la kwanza. (Nakuru, asubuhi ya Julai, bomba peke yake linatosha.) La moto lisizidi nyuzi joto 40 za Selsiasi, mikono ikae dakika moja na nusu hivi, na itolewe kwa pamoja. Ukitanguliza mmoja, tofauti inafifia.

Kijiti kwenye glasi ya maji ndipo kijitabu kinapoteleza hasa. Hoja yake ni hii: kijiti kinaonekana kimepinda, kijiti chenyewe hakijapinda, kwa hiyo unachokiona si kijiti bali kitu kingine kilichopinda, kilicho akilini. Hatua ya tatu haitoki katika mbili za kwanza. Inahitaji kanuni iliyofichwa, kwamba kila kitu kikionekana kuwa na sifa fulani, lazima pawe na kitu chenye sifa hiyo kweli. Wanafalsafa Russell na Moore, mwanzoni mwa karne ya 20, walikubali jambo la namna hiyo na kutuachia "data za hisi", yaani vitu ambavyo hisi hutuletea moja kwa moja badala ya kitu chenyewe. Mwenzao J. L. Austin, katika mihadhara iliyochapishwa 1962 baada ya kifo chake, aliuliza kuna ajabu gani kijiti kilichonyooka kuonekana kimepinda ndani ya maji. Unaona kijiti, unaona na maji. Mwanga umepinda unapotoka kwenye maji kuingia hewani.

Wako pia wanaosema kuona ni kuwakilisha, na uwakilishi unaweza kukosea kama taarifa yoyote, bila kuhitaji kitu kilichopinda popote. Na wako wanaoshikilia kwamba kuona kweli na kupatwa na maruweruwe ni hali mbili za aina tofauti, hata kama mhusika hawezi kuzitofautisha. Kijitabu hakiwataji hawa wala wale, na hilo ni pengo kubwa.

Jaribio la mkono wa bandia, la Botvinick na Cohen wa 1998, ambapo mtu aliyefichiwa mkono wake huanza kuhisi kwamba wa bandia anaouona ni wake, linafanya kazi vizuri mno, ila glavu iliyomo ni ya kulia ilhali maelezo yanataka mkono wa kushoto. Badilisha mkono, usibadilishe maelezo mengine: glavu ijazwe pamba, ielekee upande uleule na mkono halisi, umbali sentimita 15 hadi 20, ubao katikati wa kuuficha mkono halisi. Piga brashi kidole kilekile, upande uleule, kwa wakati mmoja. Brashi moja ikichelewa hata nusu sekunde, hisia inavunjika. Wengine hawahisi chochote, usiwalazimishe.

Kadi ya mistari ya Müller-Lyer (miwili yenye urefu sawa, lakini vichwa vya mishale vya ncha zake huifanya ionekane tofauti) imeandikwa "kila binadamu hudanganyika". Utafiti wa Segall, Campbell na Herskovits wa 1966, uliohusisha jamii nyingi za Afrika, ulionyesha kiwango cha kudanganyika kinatofautiana sana.

Sehemu ya fahamu ina kurasa nne tu: popo wa Nagel (1974), yaani kuwa popo kunahisiwaje; Mary wa Jackson (1982), mwanasayansi anayejua yote kuhusu rangi bila kuwahi kuziona; na swali gumu la Chalmers (1995), kwa nini kazi ya ubongo huambatana na hisia za ndani. Haisemi kwamba Jackson mwenyewe aliiacha hoja yake baadaye. Kurasa hizo ziruke, mwalimu aeleze kwa mdomo.

Duka linakubali kuuza kadi na mabeseni bila kijitabu kwa shilingi 1,500. Glavu ya kushoto iulize mapema.