Wiki tatu na neno "run": darasa la jioni la Kiingereza, Ngamiani

Nimesoma miezi miwili katika darasa la Kiingereza lililoko ghorofani pale Ngamiani, hapa Tanga, juu ya mafundi cherehani, na ada nimelipa kwa jasho langu. Naandika kwa ajili ya yule anayejiuliza kama kuna haja ya kutoa shilingi 40,000 kwa mwezi wakati simu ina programu za kufundisha lugha bure. Kwangu mimi haja ipo, na sababu kubwa ni wiki tatu ambazo Mwalimu alizitumia kwa neno moja tu, run.

Kwanza niseme kilichonipeleka. Nakaa mapokezi katika nyumba ya wageni upande wa Raskazone, mwaka wa tisa huu. Kiingereza cha kazi ninacho: karibu, chumba bei yake hii, chai saa moja asubuhi, swichi ya feni iko hapa. Usiku mmoja wa masika, mama mmoja mgeni alishuka ngazi amejitanda khanga aliyoinunua mchana ule, akaniambia, "My son is running a temperature." Nilisikia son, nikasikia running. Nikaelewa kwamba mtoto anakimbiakimbia huko juu na mama anaomba radhi kwa kelele. Nikamwambia hakuna shida, watoto ndivyo walivyo. Akanitazama kidogo, akarudi chumbani.

Baada ya kama saa nzima alishuka tena, safari hii mtoto yuko begani, mwili unawaka moto. Hapo ndipo nikampigia simu kijana wa bajaji na tukaenda wote hospitali ya Bombo. Ilikuwa malaria. Mtoto alipata dawa, na kabla hawajaondoka Tanga nilimwona akicheza ufukweni. Lakini ile saa moja naikumbuka mpaka leo. Neno lililonikwamisha nilifundishwa nikiwa darasa la tatu na nilikuwa na hakika nalijua: run, kimbia.

Nilianza kutafuta pa kusoma. Kituo cha kwanza sitakitaja. Walitupa karatasi yenye maana arobaini za run, upande mmoja Kiingereza, upande wa pili Kiswahili, tukaambiwa tukariri tutapimwa Ijumaa. Nilikariri na nikapata alama nzuri. Jumatatu iliyofuata mgeni aliniuliza kama boti ya kwenda kisiwa cha Toten "runs on Sundays", na ile karatasi haikunisaidia chochote, maana kichwani nilikuwa naipekua kutoka juu kwenda chini huku mgeni amesimama anasubiri.

Hili darasa la Ngamiani ni jambo jingine kabisa. Linaanza baada ya Alasiri na kumalizika saa kumi na mbili, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Tulikuwa kumi na wanane: vijana wa bajaji, mama muuza khanga, wauguzi wawili, baharia wa jahazi la Pemba, na mabinti watatu wanaotafuta kazi kwenye mradi wa bomba la mafuta kule Chongoleani. Mwalimu ni mtu mzima, mstaafu wa sekondari. Ukiingia unamwamkia, anaitikia marahaba kwa utulivu, kisha anakuuliza umesikia nini leo. Hakuulizi umesoma nini.

Siku ya kwanza ya run aliliandika ubaoni na kututuma tukarudi na sentensi moja kila mtu, iliyosikika kazini, hata kama hatukuielewa. Jumatano ubao ulijaa. Mama wa khanga alileta swali analoulizwa na watalii kila siku: "Does the colour run?" Miaka yote alikuwa anatingisha kichwa kwa kubahatisha. Muuguzi mmoja alimsikia daktari mgeni akisema "run some tests". Kijana wa bajaji alileta "We're running late" na mwenzake "You almost ran him over." Baharia alileta "run aground", ya chombo kukwama. Mimi nilileta yangu ya homa, na nilipoieleza darasa zima lilikaa kimya. Mwalimu akasema, "Pole, dada. Hiyo tutaifikia, lakini hatuanzi nayo."

Alianza na maji. Nasisitiza hapa kwa sababu ndipo thamani ya darasa ilipo. Alisema kosa letu sote ni kulishika neno hili miguuni. Tuliweke kwanza kwenye kitu kinachochuruzika. Kiingereza cha zamani kilikuwa na rinnan, lililotumika kwa mtu anayekimbia na kwa maji yanayotiririka pia. Wajerumani, ambao walikaa hapa Tanga mpaka 1916, wana ndugu yake, rinnen, na kwao ni kutiririka tu. Basi ukiyatanguliza maji, sentensi nyingi za ubaoni zinajifungua zenyewe. Mto runs. Bomba la bafuni runs. Pua ya mtoto mwenye mafua runs. Rangi ya khanga inayochuja kwenye beseni inatiririka na maji, nayo runs. Mama wa khanga alipiga makofi. Kumbe kwa Kiswahili jibu lake alikuwa nalo tangu zamani: rangi haichuji.

Kutoka kwenye maji alitupeleka kwenye njia ya maji. Mfereji haujongei, lakini Mwingereza husema mfereji runs kutoka hapa mpaka pale, kwa sababu jicho lake linafuata kilichomo ndani. Barabara vivyo hivyo, uzio, hata ufa wa ukutani. Mfano wake wa bomba la Chongoleani ulituingia wote: linatoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443 mpaka ufukweni kwetu. Sisi tunasema bomba linapita Tanga, au linatoka Hoima hadi Tanga. Wao wanasema "the pipeline runs". Chuma kimelala ardhini, jicho ndilo linalosafiri. Wale mabinti watatu waliandika hiyo kwa wino mwekundu.

Wiki ya pili ilikuwa ya mashine. Chochote kinachoendelea kufanya kazi bila kusimama, kama maji yasiyokatika, kinachukua neno hilohilo: saa ya ukutani, jenereta, treni, cherehani za hapo chini tulizokuwa tunazisikia sakafuni, programu ya simu. Kisha mtu anayeisimamia mashine naye anaingia: he runs it. Na kama unaweza kuiendesha mashine, unaweza kuendesha duka, nyumba ya wageni, shule, nchi. Siku hiyo ndipo alipoifikia homa. Mwili una joto lake, na joto lile linaendelea kuwaka bila mtu kulizima, kama injini isiyozimwa, ndivyo alivyotufundisha tulishike. Sisi tunasema homa imepanda. Kwetu homa ndiyo inayokwenda, kwao mgonjwa ndiye anayekwenda nayo. Nilikaa na hiyo siku nzima. Laiti yule mama angesema joto la mtoto limepanda, kwa neno lolote la kupanda, ningekuwa nimeshavaa viatu.

Halafu alitueleza habari ambayo sikuwahi kuisikia. Kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford ilipokamilika 1928, neno lililochukua nafasi ndefu kuliko yote lilikuwa set. Wakati wanaifanyia marekebisho katika miaka yetu hii, run likalipita. Mtunga kamusi Peter Gilliver alikaa nalo miezi tisa, na kitenzi peke yake kikafika maana 645. Miezi tisa! Mwanamke anabeba mimba na kujifungua. Tangu nisikie hivyo nimeacha kujilaumu kwamba karatasi ya maana arobaini haikunitosha.

Hapa kuna jambo ambalo nilimpinga Mwalimu, kwa heshima, na bado nampinga. Aliposema maana 645, aliongeza kwamba Kiswahili hakina neno lenye mzigo wa namna hiyo. Nikanyoosha mkono. Nikamwambia, Mwalimu, na kwenda je? Saa yangu inakwenda mbele. Biashara inakwenda. Mambo yanakwendaje? Mimba yake inakwenda mwezi wa saba. Na sisi hatuliachi neno likae uchi, tunalivika mikia: endea, endesha, endelea, endeleza, endekeza, endana. Ukiendelea unapata maendeleo. Namna unavyokwenda na watu ni mwenendo wako. Anayesimamia kesi dhidi ya mtuhumiwa ni mwendesha mashtaka. Mtoto mwenye tumbo baya tunasema anaendesha, na muuguzi akadakia kwamba hata Waingereza wanaliita tatizo hilo the runs. Watu walicheka, lakini mimi nilikuwa nimefika ninapotaka. Kiingereza kinaweka mkia mbali na neno: run out, sabuni imeniishia, run into, nimekutana naye ghafla, run through, tupitie haraka. Sisi mkia tunaushona palepale. Kazi ni ileile, ila mshono wetu uko kwa ndani.

Mwalimu alikaa kimya kidogo, akafuta ubao, akaandika end- katikati na kutuambia tuendelee kujaza. Tulijaza mpaka adhana. Darasa la programu ya simu lisingenipa jioni ile.

Wanaodhani ni suala la kitabuni wamsikilize yule baharia. Yeye hakuridhika na run aground kuwa kitu kimoja. Alisema pwani hii kuna kupwelewa, pale maji yanapokupwa yakakiacha chombo mchangani, unakaa unasubiri maji yajae, unapika chai. Na kuna kupanda mwamba, ambako hakuna chai. Mwingereza akisema run aground, nahodha atajuaje apeleke msaada au asubiri maji? Mwalimu alikiri kwamba hapo inabidi uulize swali la pili. Nimeuchukua huo ushauri kazini: nikisikia run na sina hakika, nauliza nini kinachokwenda, maji, mtu au kazi. Mara nyingi mgeni mwenyewe anafafanua.

Sasa kasoro, maana zipo. Chumba ni cha moto. Feni ni moja, na umeme ukikatika tunabaki na madirisha mawili yanayotazama mabati ya jirani. Ngazi ni nyembamba, mtu mwenye magoti mabovu atapata taabu. Karatasi za mazoezi zinalipiwa mbali, shilingi 500 kila wiki, na jambo hilo hatukuambiwa siku ya kujiandikisha. Wangelisema mapema. Mazoezi ya nyumbani husahihishwa kwa kuchelewa, yangu mawili hayajarudi mpaka leo. Upungufu mkubwa zaidi ni kusikiliza: Mwalimu anatamka vizuri na polepole, lakini wageni wangu hawasemi polepole, na Mmarekani na Mwingereza hawafanani. Yeye mwenyewe alitufundisha kwamba mgombea wa Uingereza hu-stand kwenye uchaguzi, wa Marekani hu-run, na sisi tunagombea. Basi atuletee sauti za hao watu wawili tuzisikie. Redio ndogo ingetosha.

Na mvua ikinyesha sana, nusu ya darasa haiji, naye anarudia somo lilelile Ijumaa. Waliokuja Jumatano wanakaa bure.

Pamoja na hayo natoa nyota nne kati ya tano. Kwa mtu anayefanya kazi na wageni, hospitalini, hotelini, bandarini au kwenye bajaji, nasema aende. Kwa mwanafunzi anayetaka kufaulu mtihani wa kidato cha nne sina hakika, kwa sababu mwendo ni wa taratibu na hatugusi mitihani iliyopita. Siku ya kwanza nenda mapema uone mahali pa kukaa, karibu na dirisha la upande wa bahari, upepo unapita. Beba daftari lako. Usiende na sentensi ya kitabuni, ataikataa.

Wiki iliyopita mgeni wa chumba namba sita alinipigia simu ya ndani alfajiri, kabla hata sijanywa chai. Alisema toilet has been running all night. Nilimjibu sawa, nikachukua spana na kupanda juu, nikafunga koki ya tangi, kisha nikamwita fundi abadilishe boya. Maji ya usiku kucha, na bili naijua mimi.

Ada ya mwezi ujao nimeshalipa. Mwalimu amesema tunaanza na go.