TAHADHARI WATU WA TANGA: YULE KIJANA WA ALAMU ZA GARI NGAMIANI ASIKUFUNGIENI KITU

Nimekaa na jambo hili siku nne kwa aibu, leo nalitoa. Mama Salma na wenzangu wa kikoba niliowapeleka kwa yule kijana kwa mguu wangu mwenyewe, nisameheni. Bi Zuhura yeye keshajua, alikuwepo. Nyie wengine msilaze kitu ndani ya gari usiku wa leo.

Mnajua baada ya lile la wizi wa Muheza nilivyokuwa silali. Mbwa akibweka, naenda dirishani kuchungulia gari. Ndiyo nikasema bora nifunge alamu nipumzishe moyo, na kila niliyemuuliza ananiambia nenda duka lile.

Nimefika, akainuka. "Shikamoo mama, karibu kiti." Kiti chenyewe akakifuta vumbi kwanza. Nilipotaja jina langu akashika kichwa, kumbe alisoma na marehemu mdogo wangu. Akataja mpaka jina la utani la uwanjani, ambalo hata wanangu hawalijui. Machozi yalinilenga pale dukani. Jamani, mtu aliyecheza mpira na ndugu yako wa tumbo moja, utaanzaje kumshuku?

Akashusha boksi jipya, limevishwa nailoni, lina stika inayong'aa. Akanipa wembe. "Fungua mwenyewe mama, usije ukasema nimekuuzia kilichotumika." Nikakata nailoni kwa mkono wangu. Ndani mna king'ora cheusi, rimoti mbili, bunda la waya za rangi, rile yake, yaani swichi ya kukata mafuta, na kitabu cha maelezo. Rimoti nikaipima kiganjani, nzito, imetulia. Alianzia 320,000, tukaelewana 280,000 pamoja na ufundi. Nikahesabu hela, naye akalirudisha boksi chini ya kaunta akatafute kalamu ya kuandikia risiti.

Ni hapo tu, wala hapakuwa na pengine. Muuza kahawa alikuwa anapita anagonga vikombe vyake, kijana akamwita, akaninunulia kahawa na kashata. Nikageuka kupokea kikombe. Nilipogeuza tena uso, boksi lilikwisha toka chini ya kaunta, liko mkononi mwa fundi, anakwenda nalo nyuma ya duka lilikoegeshwa gari langu. Na boksi lilikuwa limefungwa tepu. Nililiona kwa macho yangu, tepu ya kahawia, imepita juu mpaka chini. Mimi nimelifungua boksi dakika tano zilizopita, nani amelifunga, na anafunga tepu ya nini boksi linalokwenda kufunguliwa hatua kumi mbele? Usiku kucha nimeirudia tepu ile. Wakati ule nilikuwa nasifu kashata.

Saa moja na nusu baadaye wakaniita. Akapiga tairi teke, king'ora kikalia mpaka watoto wa madrasa ya jirani wakatoka kuchungulia. "Na hata mwizi akiingia mama, inakata pampu ya mafuta, gari haliendi popote." Nikamwekea fundi elfu tano ya soda na dua juu.

Wiki ya kwanza tu, gari likilala siku tatu haliwaki. Nikampigia, akaniambia betri yangu imechoka. Nikanunua betri mpya. Nayo ikafanya vilevile, akasema ni vumbi la barabara ya Pangani limeingia kwenye soketi. Nikakubali na hilo!

Jumatano alfajiri natoka niende mnadani Korogwe, buti jeupe. Doti 36 za khanga, ndizo nilizozichukulia mkopo wa kikoba, hakuna hata moja. Kioo hakijavunjwa, kitasa hakina mkwaruzo, milango imefungwa vizuri kama nilivyoiacha. King'ora hakikulia, na chumba changu kiko hatua sita kutoka gari lilipo.

Nikalipeleka kwa fundi umeme mwingine kule Kange. Alipofungua chini ya usukani alinyamaza kwanza, kisha akaniita niinamishe kichwa nione mwenyewe. Waya zimesokotwa kwa vidole na kuzungushiwa selotepu, ile ya kubandikia madaftari, imeshakauka kwa joto. Rile ya kukata mafuta imegandishwa na gundi, waya zake zimekatwa fupi, hazijaunganishwa na kitu chochote. Akapima umeme unaovuja gari likiwa limezimwa, miliampea 310. Akasema gari likilala halitakiwi kuzidi kama 50. Basi betri zangu mbili ziliuawa na kidude hiki. Na chenyewe hakina jina wala namba, wala hakifanani na kile nilichokishika dukani.

Bi Zuhura alikuwa amenisindikiza, na yeye alifungiwa hapohapo wiki moja baada yangu. Fundi akamwomba rimoti yake, akaielekeza kwenye gari LANGU, akabonyeza. Milango minne ikafunguka, tak! Tukabaki tunatazamana. Fundi anasema rimoti hizi zinatoa namba ileile kila ukibonyeza, na magari yetu yamewekewa namba moja. Alamu ya kweli namba yake hubadilika kila unapobonyeza. Sasa zipo rimoti ngapi mjini humu? Kwamba yeye ndiye aliyekuja kwangu usiku sina ushahidi, simsingizii. Lakini mlango kaufungua yeye, siku ile aliyoniuzia.

Nilipompigia alisema maneno haya: "Mama, si boksi ulifungua mwenyewe?" Akakata. Tangu hapo simu yangu haipokei.

Huyu afungwe. Asimamishwe mahakamani na arudishe hela ya kila mtu, na mama yake mzazi awepo asikie alivyolitumia jina la marehemu kuniibia. Vidude vyote vya bandia dukani mle vikamatwe viteketezwe, na Tume ya Ushindani ndiyo kazi yao kukamata bidhaa bandia. Na yule fundi wake asiachwe, aliyeshika gundi ni yeye.

Mliokwisha fungiwa: jaribuni rimoti ya mwenzenu kwenye gari lenu, leo hii. Mnaotaka kufunga, simama na boksi mpaka kifaa kiingie garini, usikubali gari liende nyuma ya duka. Mwambie aijaribu rile mbele yako, alamu ikiwa imewashwa gari lisiwake. Asajili rimoti upya ukiona. Waya ziunganishwe kwa risasi ya kulehemu, na kipimo cha umeme akushikie ukisome. Na risiti iwe ya EFD, ile mashine ya kodi. Mimi nilipewa kikaratasi kimeandikwa "alamu 1", bila jina la duka, nikakikunja nikatia kwenye pochi.

Kesho saa tatu asubuhi naenda Chumbageni polisi, na rile yenye gundi yake nimeitia kwenye mfuko. Mwenye kikaratasi chenye mwandiko ule aje nacho, Bi Zuhura wake anao.