Diski kubwa nyuma ya Impreza, elfu 21 na mia 7 zote ndani

Assalam aleikum jamaa zangu, karibuni. Mtasikia kelele kidogo hapa nyuma, nipo gereji Magongo na jirani anagonga bodi, mnivumilie tu. Leo ni breki, na sio za mbele ambazo kila mtu anazijua, leo ni zile za nyuma ambazo watu wengi hapa Mombasa wanazikumbuka siku handbreki ikikataa kushika pale kwenye mteremko wa feri Likoni.

Gari yenyewe ni hii, Subaru Impreza wagoni, bodi ya GG, turbo ya 2.0. Mimi nabeba spika za harusi, leo Mtwapa, kesho Malindi, mara moja moja Voi, kwa hivyo huku nyuma hakukai bure, mara spika nne mara jenereta juu yake. Miaka miwili iliyopita niliweka mbele kalipa, yaani kile chuma kinachobana pedi kwenye diski inayozunguka na gurudumu, za pistoni 4 za Subaru Legacy, na mbele pakawa pazuri sana, lakini ikaanza tabia moja, ukikanyaga breki kwa nguvu pua yote inazama na nyuma unaisikia nyepesi, halafu ukishuka Mazeras kuja Miritini uko kwenye foleni ya malori, mguu uko kwenye breki kila saa, pedali inaanza kuwa ndefu. Yaani pale ulipozoea ishike haishiki, inateremka kwanza. Na una spika nne mgongoni na kontena liko mbele yako, hapo moyo unakwenda mbio wallahi.

Ukitaka kumaliza kabisa kuna seti za breki za Brembo, hapo unaongea laki kwenda juu, na rimu zako huenda zikakataa. Mimi laki sikuwa nayo. Hii niliyofanya mimi sio ugunduzi wangu, watu wa Subaru huko Marekani wameifanya miaka mingi, wanaiita H6, kwa sababu vyuma vinatoka kwenye Outback ya injini ya silinda 6. Sasa gari zetu sisi zinatoka Japani, kwa hivyo ukienda kwa watu wa spea ukisema Outback tu utapewa chochote. Sema Lancaster 6. Ndilo jina ile gari iliuzwa nalo kule Japani kuanzia mwaka 2000.

Haya hebu nisogeze kamera. Hii ya kushoto diski yangu ya zamani, nimeipima kwa vernia, hiki kipimo cha milimita, upana wake 262. Hii nyingine 290. Ukiziweka moja juu ya nyingine hivi, unaona, huu ukingo wote unaobaki nje ni milimita 14 kila upande. Na hiki chuma hapa ndicho siri yenyewe, hii ni braketi, inayoshika kalipa. Braketi ya H6 ni ndefu zaidi, inaisogeza kalipa nje hizo 14, basi. Kalipa unabaki nayo ile ile, pistoni ile ile, pedi saizi ile ile. Hakuna kuchomelea, hakuna kuchonga spesa kwa fundi wa leti, bolti zinaingia mashimo yale yale na diski ni tundu tano kwenye duara la milimita 100 kama habu yako, pale gurudumu linapofungwa, ilivyo.

Mtu ataniuliza, kama pistoni ni ile ile na mafuta ni yale yale, nguvu zaidi inatoka wapi? Wewe umewahi kufungua nati ya gurudumu kwa spana fupi ikakushinda, ukachukua ndefu ikalegea, na mkono ni huo huo mmoja. Ndiyo hivyo. Kwa hesabu yangu kutoka katikati ya habu mpaka katikati ya pedi ilikuwa kama milimita 111, sasa ni 125 hivi, ni kama asilimia 12 na kidogo zaidi ya kushika kwa mguu ule ule. Na tena chuma ni kingi, kina uso mkubwa, joto linapata mahali pa kukaa na pa kutokea. Mimi kwangu hilo la joto ndilo lililonifanya nitoe pesa.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri na kama una haraka angalau hapa usiruke. Usiweke diski kubwa nyuma kama mbele uko na breki ndogo za kawaida. Ukikanyaga, uzito wote unakimbilia mbele, tairi za nyuma zinabaki hazina uzito, zikishikwa kupita kiasi zinafunga, yaani zinaacha kuzunguka, kabla ya mbele, na gari ikifunga nyuma kwanza inageuka, hasa ile mvua ya mwezi wa tano Nyali imejaa maji barabarani. Ni kweli ABS, ile inayozuia tairi zisifunge, itakusaidia, lakini gari ngapi naziona humu mjini taa ya ABS imewaka mwaka mzima na mwenyewe ameshaizoea? Mimi nilifanya kwa sababu mbele nilishaongeza, kwa hivyo nyuma ilikuwa inadai, na kwa sababu nabeba mzigo, mzigo ukikaa nyuma tairi za nyuma zinapata uzito na breki zake zinapata kazi ya kufanya. Wewe unayeendesha peke yako kutoka Bamburi kwenda ofisini na kurudi, kaka, sikuoni na haja.

Na kama Impreza yako ni ile ya 1.5 yenye breki za ngoma nyuma, hii sio yako, huna diski wala kalipa ya kuanzia. Rimu ziwe inchi 16 kwenda juu. Halafu handbreki, hii wengi hawaijui, ndani ya diski hapa katikati kuna ngoma ndogo ndiyo handbreki inashika, na Subaru wana saizi mbili, milimita 170 na 190, ukinunua diski ya 190 na viatu vyako, zile pedi za handbreki humo ndani, ni vya 170 diski itaingia vizuri kabisa na handbreki hutakuwa nayo. Nenda dukani na vernia, pima ndani.

Kupata braketi kulinichukua wiki tatu. Nilizunguka Jomo Kenyatta Avenue yote, nikaenda Saba Saba, duka moja akanitolea braketi akaniapia ni za Lancaster, nikalipa, nikafika nyumbani nikaziweka sambamba na zangu, urefu ule ule mmoja. Nilirudi akanibadilishia kwa spea nyingine, pesa hakurudisha. Kwa hivyo mfungue yako moja kwanza, uibebe mkononi, ulinganishe pale pale kaunta. Mwishowe zikaja kwa basi kutoka Nairobi, Kirinyaga Road, elfu 4 na mia 5 jozi. Diski mpya, sio za eks-Japani, elfu 9 na mia 5. Pedi elfu 3 na mia 2. Raba za pini, zile pini ambazo kalipa inateleza juu yake, na grisi yake elfu 1 na mia 2, mafuta ya breki ya DOT 4 mia 8, fundi elfu 2 na mia 5. Diski nimekataa kuchukua yuzd kwa makusudi, pwani hii chumvi inakula chuma, na diski iliyokaa yadi miezi imeshaliwa ukingoni, pima unene uone kama haijafika pale pameandikwa MIN TH, yaani unene wa mwisho, na ikiwa imebakisha kidogo tu iache.

Kufunga ni kazi ya asubuhi moja. Diski ya zamani ikigoma kutoka usiipige nyundo, ina matundu mawili madogo ya nyuzi, tia bolti za M8 ukaze kidogo huku kidogo huku, inajisukuma yenyewe. Legeza handbreki kwanza lakini. Ile bati ya vumbi nyuma ya diski ni ya saizi ndogo, itagusa, sisi tuliikata ukingo kwa mkasi wa bati tukapaka rangi pale palipokatwa, kwa sababu ya hiyo chumvi tena.

Sasa pini. Fundi alipofungua kalipa ya kulia pini ya chini haikutoka. Imekwama kwa kutu, tukaipasha moto, tukaizungusha, nusu saa. Maana yake nini, kalipa ilikuwa haitelezi, pedi ya ndani inakamua diski na ya nje inasindikiza tu, na kweli tulizitoa ya ndani imebaki bati ya nje ina nyama tele. Yaani miezi yote hiyo naendesha na breki moja ya nyuma kazi nusu na mimi nalaumu diski ni ndogo! Raba ya pini ilikuwa imepasuka, maji yakaingia. Tukazisugua zote nne, grisi ya breki ile maalum, msitie grisi ya beringi, inavimbisha raba.

Na mafuta yalitoka rangi ya chai ya rangi. Mafuta ya breki yanavuta unyevu hewani, na hewa yetu mnaijua. DOT 4 ikiwa mpya haichemki chini ya digrii 230, ikishakunywa maji kiwango chake kinashuka mpaka 155. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabanika, na ile pedali ndefu ya Mazeras ndiyo hiyo. Kwa hivyo nawaambia kweli kutoka moyoni, kabla hujatafuta braketi yoyote, anza na raba, grisi na mafuta, ni elfu 2 pamoja, halafu nenda kajaribu tena. Huenda ikatosha kabisa.

Baada ya kufunga tulienda kuzikalisha pedi, yaani kuzizoesha diski mpya, usiku, barabara ya Mtwapa ikiwa nyeupe, unaenda 80 unapunguza mpaka 20 bila kusimama, mara nane hivi, halafu unaendesha pole pole zipoe, na ukisimama usiushikilie mguu kwenye breki kama bado za moto.

Matokeo. Umbali wa kusimama ukikanyaga mpaka mwisho, sijaona umepungua, na sikutegemea, hapo tairi ndiyo yenye kauli. Lakini pua haizami kama zamani, gari inakaa chini yote pamoja, unaisikia inashikwa kutoka nyuma kama mtu amekushika shati. Na Mazeras nimeshuka mara tano na mzigo, mara moja nyuma ya lori mpaka Miritini, pedali imebaki pale pale juu. Handbreki kwenye feri inashika, ilihitaji kurekebishwa mara ya pili baada ya wiki, kale kagurudumu ka meno ndani unakazungusha mpaka diski isuguike halafu unakarudisha kidogo. Kitu kimoja sijakipenda, asubuhi baada ya mvua zinasaga kutu kidogo mpaka breki ya tatu, sababu uso ni mkubwa, na majirani wanasikia.

Leo nimefungua tena ili muone, kilomita elfu 3 zimepita. Kulia hapa, ndani milimita 8, nje 8. Kushoto, ngoja nifute vumbi, ndani 8, nje 8. Na pini, angalia, nasukuma kwa kidole kimoja.