Jumapili Mbili za Catan na Pandemic Barazani Kirumba: Uzoefu Wangu

Rafiki yangu aliyerejea Mwanza baada ya masomo yake Ujerumani aliniachia makasha mawili ya michezo ya mezani, Catan na Pandemic, kwa sharti moja tu, kwamba nisiyafungie kabatini. Kwa hiyo Jumapili mbili mfululizo tulikaa barazani kwetu Kirumba watu wanne: mimi, shemeji yangu anayeuza dagaa kwa jumla, jirani yetu mwalimu wa hesabu, na binamu yangu aliyekuwa likizoni kutoka chuoni. Sote tumekulia kwenye karata, bao na drafti ya vizibo vya soda, michezo ambayo hakuna anayekumbuka siku aliyofundishwa sheria zake, maana mtu huzijua kwa kusimama nyuma ya wachezaji na kufukuzwa mara kwa mara kwa sababu ya kusema sana.

Tulianza na Catan, mchezo uliobuniwa na Mjerumani Klaus Teuber na kutoka mwaka 1995. Ubao wake ni vigae 19 vya pembe sita vinavyoweza kupangwa upya kila mchezo unapoanza, na kila kigae, isipokuwa kile cha jangwa, hutoa mali ya aina moja: mbao, matofali, ngano, kondoo au mawe yenye madini. Dadu mbili zikirushwa, namba inayotokea humpa mali kila aliyejenga kando ya kigae chenye namba hiyo, na mali hizo ndizo zinazojenga barabara, vijiji na miji hadi mtu mmoja afikishe alama 10. Hapa nimeyamaliza kwa sentensi chache, lakini siku ile nilitumia karibu dakika 40, kwa kuwa kijitabu cha sheria ni cha Kiingereza nami nilikuwa nikikitafsiri huku nikikisoma kwa mara ya kwanza. Hilo ni kosa langu, si la mchezo. Majina mengine tulijitungia wenyewe; mawe yenye madini binamu aliyaita Geita, kwa heshima ya mgodi wa dhahabu wa jirani zetu, na jina likashika hadi shemeji akawa anatangaza, "Nani ana Geita mbili nimpe kondoo?"

Jambo nililosahau kulieleza ni vile vidoti vidogo vilivyochapwa chini ya kila namba, ambavyo huonyesha namba hiyo inatarajiwa kutokea kwa wingi kiasi gani: 6 na 8 zina vidoti vitano, ilhali 2 na 12 zina kimoja kimoja. Shemeji aliweka kijiji chake cha kwanza kwenye 12, akiamini kwamba namba kubwa ndiyo italipa zaidi, na mwalimu akanyamaza. Mizunguko kadhaa ilipita bila 12 kuonekana, ndipo mwalimu akatueleza kwamba dadu mbili zina matokeo 36, na kwamba 12 hupatikana kwa njia moja tu wakati 7 hupatikana kwa njia sita. Shemeji alimuuliza kwa upole ambao sote tuliuogopa, "Mwalimu, hayo ulikuwa unayajua tangu tunaanza?"

Kilichofuata ndicho kilichonifanya niupende mchezo huu. Benki ya Catan hudai mali nne za aina moja ili itoe moja, lakini wachezaji wakiafikiana wanaweza kubadilishana kwa kiwango chochote, na hapo shemeji alikuwa nyumbani. Hakuwahi kutaja anachokihitaji kabla ya kujua mwenzake amekwama wapi, aligawa kondoo kwa bei ya hasara ili aombe matofali baadaye, na kila mwalimu alipopiga hesabu ya faida yake, alikuta mkataba umeshafungwa na mtu mwingine. Alimaliza na alama 9, moja nyuma ya binamu, aliyejinyakulia alama 2 za barabara ndefu kuliko zote wakati sisi watatu tunabishana juu ya ngano.

Kasoro zipo. Kasha la msingi ni la watu watatu au wanne, na majirani waliopita kuchungulia hawakuwa na la kufanya, kwa sababu karata za mali hushikwa kwa siri na mtazamaji hawezi kutoa ushauri kama anavyofanya kwenye bao. Aidha, karata zenyewe ni ndogo na nyepesi. Upepo wa alasiri kutoka ziwani uliturushia ngano uani mara mbili, hadi tulipozikandamiza kwa vijiwe.

Pandemic, wa Mmarekani Matt Leacock, uliotoka mwaka 2008, ulinivutia kwa wazo lake kuliko uchezaji wake. Hakuna anayemshinda mwenzake: wachezaji wote ni kundi moja linalotafuta tiba za magonjwa manne kabla hayajaenea duniani. Katika ramani yake ya miji 48 hakuna hata mmoja wa Afrika Mashariki, ila kuna njia inayounganisha Khartoum na Johannesburg, nasi tukakubaliana kwamba lazima inapita juu ya paa letu. Lagos ilipolipuka ikaiambukiza Kinshasa na Khartoum kwa mpigo mmoja, tulisimama vitini. Tatizo ni kwamba, kwa kuwa maamuzi yote hujadiliwa wazi, anayefikiri haraka huishia kuwachezea wengine, na kufikia nusu ya mchezo mwalimu alikuwa akituamuru tuende mji gani, huku binamu akiwa ameshahamia kwenye simu yake. Tulishindwa kwa mlipuko wa nane. Nitaujaribu tena, safari hii tukiwa wawili.

Catan ndio ulioombwa kwa Jumapili ijayo, na aliyeuomba ni shemeji. Nimeandika sheria zake kwa Kiswahili kwenye ukurasa mmoja, nimeubandika ndani ya mfuniko wa kasha, na habari ya vidoti nimeiweka mstari wa kwanza.