Outlander PHEV ya mtumba, mwaka mmoja na nusu nikiwa nayo Tabora

"Hili halili mafuta, bosi." Dalali hakuniambia la zaidi, akanikabidhi ufunguo nijaribu. Nilikuwa nimetoka Tabora na hela ya Noah niliyoiuza, nipo yadini Dar, jua la saa saba linanichoma kisogo. Gari likatoka pale kimya kabisa, sauti pekee ni ya matairi juu ya kokoto. Nadhani nililinunua palepale. Mambo mengine yote yalikuwa adabu tu. Mitsubishi Outlander PHEV ya 2014, nyeupe. Bei ilianzia milioni 42, tukafunga kwa 38 na nusu.

Kwa ambaye hajawahi kuliona: PHEV ni gari la petroli na umeme ambalo betri yake unaichaji kwa kuchomeka. Lina injini ya petroli ya lita 2.0, mota mbili za umeme, moja mbele moja nyuma, na betri kubwa ya kWh 12 (yaani yuniti 12 za umeme) chini ya sakafu. Unalichomeka nyumbani usiku kama simu. Mizunguko ya mjini inasukumwa na mota, injini inaamka betri ikikaribia kuisha au ukikanyaga kwa pupa.

Sasa hiyo betri. Vipimo vya Japani viliipa kilomita 60 za umeme mtupu ilipokuwa mpya, na hiyo ndiyo namba niliyosoma mtandaoni kabla ya kupanda basi. Usiku wa kwanza nyumbani Ipuli nikalichaji hadi likajaa, asubuhi dashibodi ikaandika 31. Nikadhani nimekosea kuchomeka. Baadaye ndipo fundi mmoja kijana akanielekeza kununua kidude cha bluetooth kinachoingia kwenye ile tundu ya chini ya usukani wanayopimia mafundi, kisha kuweka kwenye simu programu ya PHEV Watchdog. Betri mpya inasoma karibu Ah 38, kipimo cha chaji ambayo betri inaweza kubeba. Yangu ilisoma 29.4. Kidude chenyewe nilikipata kwa elfu thelathini na tano. Ningekuwa nacho mfukoni pale yadini, ama ningeshusha bei milioni kadhaa, ama ningepanda basi kurudi nyumbani. Mimi niliuliza kuhusu rangi, kilomita na kama AC inapooza.

Kuchaji nako hakukuanza vizuri. Waya uliokuja na gari ni wa Kijapani, wa volti 200, nikaogopa kuuchomeka kwenye 230 ya kwetu, nikaagiza mwingine wa ampea 10. Nikauchomeka, taa nyekundu. Nikahamia soketi ya sebuleni, nyekundu tena. Nikaanza kumlaani aliyeniuzia waya, kumbe nyumba yangu haina ethi ya maana, ile njia ya kupeleka umeme ardhini kwa usalama: fundi umeme alipofukua pale nje alikuta kipande cha nondo kifupi kama mkono wangu, kimeliwa na kutu. Tukazika fimbo mpya ya shaba, tukavuta waya mnene hadi kwenye soketi yake peke yake. Toka siku hiyo taa ni ya kijani, na kama umeme haujakatika, saa nne au tano zinatosha.

LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, ndiyo iliyomstua mama watoto. Tulikuwa kwenye kundi la yuniti 75 kwa mwezi, lile la shilingi 122 kwa yuniti pamoja na kodi. Gari linameza yuniti saba au nane kwa usiku, kwa hiyo yuniti 75 ziliisha kabla ya siku kumi, tukahamishiwa kwenye kundi la 356 kwa yuniti. Ina maana hata friji na pasi navyo vikapanda bei kwa sababu ya gari, na hilo hesabu za mtandaoni huwa hazilisemi. Hata hivyo bado nafuu. Kupeleka watoto shule, kazini, sokoni na kurudi Ipuli ni kilomita ishirini na kidogo. Kwa umeme inanitoka kama 2,500. Noah ingekunywa lita mbili na ushee kwa mizunguko hiyohiyo, na wakati napiga hesabu hii lita ilikuwa imevuka elfu tatu. Kwa mjini, kwa kweli, dalali hakudanganya sana.

Alidanganya kwa safari. Nikienda Nzega au Urambo, baada ya nusu saa umeme umekwisha na nabaki na gari la petroli linalobeba betri nzito. Napata kilomita 12 kwa lita, 13 nikitulia. Si mbaya, ila si ile "halili mafuta".

Na halina tairi la spea. Mahali pake kuna pampu ndogo na chupa ya gundi. Nililijua hilo siku nimetoka Sikonge naingia barabara ya vumbi kufuata asali, jiwe likachana tairi ubavuni. Nikamimina gundi yote kama maelekezo yanavyosema. Ikatokea palepale kwenye mpasuko, nyeupe kama uji, ikadondokea vumbini. Mzee mmoja aliyekuwa anapita na baiskeli alisimama, akaangalia chupa, akaangalia tairi, akauliza kwa upole, "Sasa mwanangu, hiyo dawa ni ya kupaka au ya kunywa?" Nikapanda bodaboda nimekumbatia rimu. Maduka matatu, hakuna 225/55 R18. Gari lililala kijijini kwa mzee yuleyule, tairi likaja kesho yake kwa basi kutoka Tabora.

Mengine madogo. Redio ni ya Kijapani, masafa yake yanaishia FM 90, kwa hiyo vituo vingi vya kwetu havisikiki. Soketi ya ndani, ile niliyoambiwa itawasha nyumba umeme ukikatika, ni ya volti 100. Usichomeke kitu bila kusoma volti zake. Na usijisifu kwamba hujaweka mafuta tangu Pasaka: likikaa miezi mitatu bila kuongezwa angalau lita 15, linawasha injini lenyewe liunguze petroli iliyozeeka. Kivuli cha mwembe ni kizuri kwa betri, kibaya kwa boneti msimu wa maembe.

Jambo ambalo sina dawa nalo ni viti. Outlander ya petroli huja hata na viti saba, hii ni vitano tu, kwa kuwa mitambo ya mota ya nyuma imekaa pale ambapo safu ya tatu ingekaa. Sisi na watoto watatu tumejaa. Mama mkwe akiwepo, mkubwa anapanda bodaboda. Siku za Sikonge watoto wanabaki, mama mkwe anakuja, na kwa vile tairi la spea nililonunua limeshika nusu ya buti, madumu ya asali yanasafiri miguuni pake. Ameshaniuliza mara mbili Noah nilimuuzia nani.